William Henry Fox Talbot

William Henry Fox Talbot (11 Februari 1800 – 17 Septemba 1877) alikuwa mwanasayansi, mtaalamu wa lugha za kale na mvumbuzi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kama mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Ndiye aliyebuni njia ya kupata kwanza picha hasi juu ya karatasi, kisha kutoa picha chanya nyingi kutokana na ile moja. Kati ya miaka 1844 na 1846 alichapisha The Pencil of Nature (maana yake "Penseli ya Maumbile"), kitabu cha kwanza kilichotolewa kibiashara kikiwa na picha halisi za kamera ndani yake.

Kitabu hicho hakikumpatia faida na kilikatika kabla ya kufika pale alipokusudia. Hata hivyo, vitabu vya picha ambavyo wapenzi wa sanaa na wapigapicha wa kujifunza wenyewe huvifungua leo ili kupata mawazo, vyote ni wa ukoo wake. Vitabu vingi vya historia humtaja kwa majina yote mawili, "Fox Talbot", lakini nyumbani aliitwa Henry, na yeye mwenyewe hakupenda kutumia jina la Fox kama sehemu ya jina la ukoo.

Familia na elimu

Talbot alizaliwa Melbury, katika wilaya ya Dorset kusini mwa Uingereza. Baba yake, William Davenport Talbot, alikuwa afisa wa jeshi. Alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi mitano tu, akaacha madeni makubwa. Nyumba ya ukoo, Lacock Abbey katika wilaya ya Wiltshire, ambayo zamani ilikuwa monasteri ya watawa wa kike, ilibidi ipangishwe kwa watu wengine. Kwa miaka mingi mama na mwana waliishi katika nyumba za jamaa zao.

Mama yake, Lady Elisabeth Fox Strangways, alikuwa binti wa Earl wa Ilchester. Alikuwa mwanamke msomi, mwenye lugha kadhaa na mwenye msimamo. Mwaka 1804 aliolewa tena na Charles Feilding, afisa wa jeshi la majini, na Talbot akapata dada wawili wa upande wa mama, Caroline na Horatia. Madeni yalipunguzwa kidogokidogo, na mwaka 1827 familia iliweza kuhamia Lacock. Mama huyu atatajwa tena mbele, kwa sababu hakuacha kumsukuma mwanawe mpaka siku zake za mwisho.

Talbot alisoma katika shule ya Harrow, halafu Trinity College kwenye Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko mwaka 1820 alishinda tuzo ya Porson kwa kutunga mashairi ya Kigiriki, na mwaka uliofuata alimaliza akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa hisabati. Mchanganyiko huo wa lugha za kale na hisabati ulidumu maisha yake yote. Alipochaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1831, ilikuwa kwa ajili ya kazi zake za hisabati, wala si jambo lolote lililohusu picha. Mwaka 1838 jumuiya hiyo ilimpa nishani kwa utafiti wake wa hisabati.

Mwaka 1832 alichaguliwa kuwa mbunge wa Chippenham, mji ulio karibu na Lacock. Alikaa bungeni hadi mwaka 1835, kisha hakurudi tena. Mnamo Desemba 1832 alimwoa Constance Mundy, wakajaliwa mabinti watatu, Ela, Rosamond na Matilda, na mwana mmoja, Charles Henry.

Mtu asiyejua kuchora

Oktoba 1833 Talbot alikuwa katika safari ya Italia na mke wake na jamaa wengine, kando ya Ziwa Como. Wakati huo watu wa tabaka lake walipokuwa safarini walichora walichokiona, kama leo wasafiri wanavyotoa simu. Constance alichora vizuri, na dada yake Caroline pia. Talbot alishindwa kabisa. Alitumia kamera lusida, kifaa chenye kioo cha pembe kinachomfanya mchoraji aone mandhari na karatasi yake kwa pamoja, lakini jicho lilipoondoka kwenye kioo hicho, kilichobaki juu ya karatasi kilikuwa mistari isiyo na maana.

Ndipo alipokumbuka chombo kingine alichowahi kujaribu, kamera obskura. Hiki ni kisanduku chenye lenzi upande mmoja, na mandhari ya nje hujichora yenyewe kwa mwanga upande wa pili. Taswira hiyo hupotea mara kisanduku kinapogeuzwa. Talbot akajiuliza kama ingewezekana kuifanya ibaki juu ya karatasi bila mkono wa mtu kuigusa. Alijua kutokana na kemia kwamba chumvi za fedha hubadilika rangi zikipigwa na mwanga. Aliliandika wazo hilo katika daftari lake akiwa bado safarini.

Aliporudi Lacock mwaka 1834 alianza majaribio. Njia yake ya kwanza ni rahisi kiasi kwamba hadi leo hutumiwa na watu wanaopenda kutengeneza picha kwa mikono nyumbani. Karatasi nzuri ya kuandikia hulowekwa katika maji ya chumvi ya kawaida, hukaushwa, kisha hupakwa nitrati ya fedha kwa brashi. Ndani ya nyuzi za karatasi hutokea kloridi ya fedha. Jani au kipande cha lesi kikiwekwa juu ya karatasi hiyo na kuanikwa juani, sehemu zilizo wazi huwa nyeusi na zilizofunikwa hubaki nyeupe.

Ugumu ulikuwa kuizuia karatasi isiendelee kuwa nyeusi baadaye. Talbot aliona kwamba kiasi cha chumvi ndicho kinachoamua. Chumvi kidogo huifanya karatasi iwe nyepesi kudhurika na mwanga, ilhali chumvi nyingi huipunguzia nguvu hiyo. Kwa hiyo aliiosha picha iliyokamilika kwa maji ya chumvi kali, na wakati mwingine kwa iodidi ya potasiamu. Picha za namna hiyo hazikuwa imara kabisa, lakini ziliweza kutazamwa mchana.

Baadaye alitaka kutumia karatasi hiyo ndani ya kamera. Kwa kuwa mwanga ndani ya kamera kubwa ulikuwa hafifu mno, aliagiza visanduku vidogo vya mbao, vya kutoshea kiganjani, na kuvitega sehemu mbalimbali kuzunguka nyumba, vikiachwa huko kwa muda mrefu. Constance alivipa jina la mitego ya panya. Katika moja ya visanduku hivyo ilipatikana, mwezi Agosti 1835, picha ya dirisha la vioo vidogovidogo katika ukumbi wa kusini wa Lacock Abbey. Ukubwa wake unakaribia ule wa stempu ya barua. Ndiyo picha hasi ya zamani zaidi iliyobaki duniani. Talbot aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya, mtu mwenye lenzi ya kukuzia aliweza kuvihesabu vioo vya dirisha hilo, karibu 200 kwa jumla.

Wakati huohuo alifahamu jambo lililokuwa na uzito kuliko picha yenyewe. Katika karatasi yake penye mwanga palikuwa peusi na penye kivuli palikuwa peupe. Ikiwa karatasi hiyo ingewekwa juu ya karatasi nyingine yenye dawa na kuanikwa juani, mambo yangegeuka tena na picha ingekuwa kama ilivyo kweli. Tena jambo hilo lingeweza kurudiwa mara nyingi. Kisha akayaweka majaribio hayo kando na kurudia hisabati, nadharia ya mwanga na historia ya kale. Hakutangaza lolote kwa zaidi ya miaka mitatu.

Habari kutoka Paris

Tarehe 7 Januari 1839 François Arago aliutangazia mkutano wa Académie des sciences mjini Paris kwamba Louis Daguerre amefaulu kuzikamata taswira za kamera obskura. Talbot alipopata habari hizo, alikuwa hajui Daguerre ametumia njia gani. Ilikuwa inawezekana kabisa kwamba ni njia ileile yake, na kwamba kazi ya miaka mitano ingeonekana kuwa ni ya kuiga.

Alifanya haraka alichokuwa amekiahirisha. Tarehe 25 Januari baadhi ya picha zake zilionyeshwa katika Royal Institution mjini London, ambapo Michael Faraday aliwaeleza waliohudhuria. Tarehe 31 Januari taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society. Katika barua za familia mama yake hakuficha uchungu: mwanawe alikuwa na jambo hilo mikononi tangu zamani, na kuchelewa kwake kulimpa mwingine nafasi ya kutangulia.

Ilipofahamika baadaye mwaka huo jinsi Daguerre alivyofanya, ilionekana kwamba njia hizo mbili hazifanani hata kidogo. Picha ya Daguerre ilikuwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Ilikuwa safi na yenye kuonyesha kila unywele, lakini ilikuwa moja tu. Aliyetaka ya pili alipaswa kupiga upya. Picha ya Talbot ilikuwa juu ya karatasi na nyuzi zake ziliifanya kuwa laini, yenye ukungu kidogo, ila ingeweza kutolewa kwa idadi yoyote. Watu wa mwaka 1839 walilipenda bamba. Rafiki yake John Herschel alipoziona picha za Daguerre mjini Paris mwezi Mei, alimwandikia Talbot bila kumficha kwamba zinashinda kwa mbali. Serikali ya Ufaransa ilimpa Daguerre pensheni. Serikali ya Uingereza haikumpa Talbot chochote.

Herschel huyohuyo, aliyekuwa mwanaastronomia na mwanakemia, alimsaidia kuliko mtu mwingine yeyote. Tarehe 1 Februari 1839 alimweleza Talbot kwamba haiposulfiti ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha zisizoguswa na mwanga na hivyo kuifanya picha idumu. Wapigapicha wa karatasi na filamu wameitumia dawa hiyo tangu siku hizo. Ni Herschel pia aliyeeneza maneno ya Kiingereza ya kuutaja upigaji picha wenyewe, na yale ya kutofautisha picha hasi na picha chanya.

Kalotipi

Mnamo Septemba 1840 Talbot aligundua kitu ambacho hakukitarajia. Karatasi yenye iodidi ya fedha, ikipakwa mchanganyiko wa nitrati ya fedha na asidi ya galiki, haihitaji kukaa ndani ya kamera mpaka picha ionekane. Dakika chache au hata chini ya hapo zilitosha. Karatasi ilitoka kwenye kamera ikiwa nyeupe tupu, lakini ikipakwa tena mchanganyiko uleule, picha iliyokuwa imejificha ilianza kujitokeza polepole mbele ya macho. Mtu yeyote aliyewahi kusimama katika chumba cha giza akiitazama karatasi ndani ya beseni anaijua hali hiyo.

Aliiita njia hii kalotipi, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzuri. Picha hasi ya kalotipi ilipakwa nta ili karatasi ipitishe mwanga vizuri, kisha picha chanya zilitolewa juani juu ya karatasi ya chumvi ya zamani. Sasa iliwezekana kupiga picha za watu, mradi wakae kimya. Mwaka 1842 Royal Society ilimpa nishani ya Rumford kwa ugunduzi huo.

Tarehe 8 Februari 1841 alikata hataza ya kalotipi kwa Uingereza. Uamuzi huo umejadiliwa na waandishi wa historia mpaka leo. Kwa upande mmoja alikuwa ametumia fedha zake mwenyewe kwa miaka mingi bila msaada wa mtu, na Daguerre pia alikuwa amekata hataza nchini Uingereza. Kwa upande mwingine, waliotaka kuifanya kalotipi kuwa kazi yao walitakiwa kulipa leseni, na wengi hawakulipa wala hawakujaribu. Hataza hiyo haikuhusu Scotland. Si ajabu basi kwamba kazi nzuri kuliko zote za kalotipi zilifanywa Edinburgh, ambako mchoraji David Octavius Hill na mwenzake Robert Adamson walipiga picha za wachungaji, wavuvi na wake zao kuanzia mwaka 1843.

Kiwanda cha Reading

Talbot alitaka kuonyesha kwamba uwezo wa kutoa nakala nyingi si maneno matupu, na njia aliyoichagua ilikuwa kitabu. Kwa ajili hiyo mtumishi wake wa zamani, Mholanzi Nicolaas Henneman, ambaye alikuwa amemsaidia katika majaribio, alifungua kiwanda cha picha katika mji wa Reading, ulio kwenye reli kati ya London na Lacock.

Kilikuwa kiwanda kinachotegemea jua. Fremu zenye picha hasi na karatasi ya dawa zilipangwa nje kwenye viunzi, na wafanyakazi walizichungulia mara kwa mara kuona kama picha imekolea. Mawingu yalipotanda kazi ilisimama. Kila picha ilifixishwa kwa dawa, ikaoshwa, ikakaushwa, ikakatwa na kubandikwa kwa gundi kwenye ukurasa wake, moja baada ya nyingine. Hakuna hata picha moja iliyochapwa kwa wino. Maandishi peke yake ndiyo yaliyopita kwenye mashine ya kuchapia.

The Pencil of Nature

Kitabu kilitolewa kwa sehemu na wachapishaji Longman wa London, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule kwa kazi za gharama kubwa. Sehemu ya kwanza, yenye picha tano, ilitoka Juni 1844. Ya pili ilikuwa na saba. Nne zilizofuata zilikuwa na tatu kila moja, na ya mwisho ilitoka Aprili 1846. Jumla yake ni picha 24. Talbot alikuwa amekusudia nyingi zaidi.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho, na wengi walidhani wanatazama michoro ya mkono au chapa za bamba. Ikabidi kiwekwe kijikaratasi ndani ya kitabu kuwaeleza wasomaji kwamba picha hizi zimefanywa na mwanga peke yake, bila penseli ya mchoraji yeyote. Katika utangulizi Talbot alisimulia mwenyewe habari za Ziwa Como na kushindwa kwake kuchora.

Kila picha ina maandishi yake, na hapo ndipo palipo na thamani kubwa ya kitabu kwa msomaji wa leo. Talbot hakutaka tu kuonyesha picha nzuri. Katika kila ukurasa anamwonyesha msomaji jambo moja ambalo kamera inaweza kulifanya, na mengi kati ya hayo yalikuwa bado hayajafanywa na mtu. Picha ya vyombo vya kauri vilivyopangwa kwenye rafu inaambatana na hoja kwamba mwenye mali anaweza kuorodhesha vitu vyake vyote kwa muda mfupi, na kwamba mwizi akiviiba picha inaweza kupelekwa mahakamani kama ushahidi. Picha ya ukurasa wa kitabu cha kale inaonyesha jinsi ya kunakili maandishi adimu. Jani la mmea na kipande cha lesi vimewekwa moja kwa moja juu ya karatasi, bila kamera. Sanamu ya kichwa cha Patroclus, iliyotengenezwa kwa plasta, imeingizwa mara mbili, na Talbot anatumia nafasi hiyo kueleza kuhusu kuigeuza sanamu, kusogeza kamera na kuchagua mwanga: jua kali linaleta vivuli vikali mno, na siku ya mawingu ni bora zaidi. Ushauri huo bado hutolewa katika kila kozi ya wanaoanza kupiga picha.

Katika picha ya jiji la Paris, iliyopigwa kutoka dirisha la juu la hoteli, anamfundisha msomaji kuisoma picha kama mpelelezi: upande gani wa jua, saa ngapi, kwa nini barabara inaonekana kuwa na sehemu kavu na sehemu yenye maji. Anaona kwamba kamera inaandika mabomba ya moshi juu ya mapaa kwa uangalifu uleule inaotumia kwa sanamu mashuhuri, na mahali pengine kitabuni anasema kwamba mpigapicha mwenyewe hugundua baadaye vitu ambavyo hakuviona alipokuwa akipiga picha. Chini ya picha ya rafu za vitabu, yenye kichwa kuhusu maktaba, hasemi lolote kuhusu vitabu. Anawaza kuhusu miale isiyoonekana kwa jicho, na kama siku moja kamera ingeweza kupiga picha ya watu waliomo katika chumba cha giza.

Picha inayopendwa kuliko zote ni ya sita, Mlango Ulio Wazi, ya mwaka 1844. Ndani yake kuna mlango wa banda la Lacock uliofunguliwa nusu, ufagio wa vijiti ulioegemezwa ukutani, taa ya kutundika na hatamu ya farasi. Kivuli cha ufagio kinafuata mwelekeo uleule wa kivuli cha mlango. Talbot alikuwa amejaribu mandhari hiyo mara kadhaa katika miaka iliyotangulia, na mama yake aliipa moja ya picha hizo za awali jina la mzaha, kwamba ni ufagio unaojisemesha peke yake. Katika maandishi yake Talbot anawataja wachoraji wa Uholanzi waliochora vitu vya kila siku, na anadai haki hiyohiyo kwa mpigapicha: jicho lenye mazoezi linaweza kusimama pale ambapo watu wengine wanapita tu, kwa sababu ya mwanga wa ghafla au kivuli kilichokatiza njia. Mtu aliyeshindwa kuchora ziwa la Italia alikuwa amejifunza kutunga picha kwa kuangalia ufagio wa nyumbani kwake.

Watu hawaonekani sana katika kitabu. Picha ya ngazi, yenye wanaume watatu, ndiyo pekee ambamo wamepangwa mbele ya kamera kama wahusika, na Talbot anaeleza ugumu wa kuwafanya watulie.

Kuhusu nafasi ya kitabu hiki katika historia, inafaa kukumbuka kwamba Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Kent ambaye baba yake alifahamiana na Talbot, alianza kutoa kitabu chake cha picha za mwani mwaka 1843, kabla ya Talbot. Alitumia njia ya rangi ya buluu iliyobuniwa na Herschel na kuwagawia marafiki na wanasayansi nakala alizotengeneza mwenyewe. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza katika vitabu vyenye picha za mwanga, na Talbot ni wa kwanza katika vile vilivyouzwa kwa umma.

Kufifia kwa picha

Idadi ya wanunuzi ilipungua kutoka sehemu moja hadi nyingine. Bei ilikuwa kubwa, sehemu zilichelewa, na tatizo baya zaidi lilijitokeza polepole: picha zilianza kufifia. Dawa ya kufixisha ilihitaji kuoshwa kwa maji mengi, na katika haraka ya kiwanda hilo halikufanyika vya kutosha kila mara. Mwaka 1846 Henneman alitengeneza picha 6,000 hivi ili kila nakala ya toleo la Juni la gazeti la sanaa The Art-Union iwe na picha moja. Ilikusudiwa kuwa tangazo kubwa kwa kalotipi. Nyingi ya picha hizo zilififia mikononi mwa wasomaji, na tangazo likageuka hasara. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Lady Elisabeth alifariki, na sehemu ya sita ikawa ya mwisho.

Kuna kazi nyingine mbili zinazopaswa kutajwa. Mwaka 1845 Talbot alitoa Sun Pictures in Scotland, yenye picha 23 za mahali panapohusiana na mwandishi Walter Scott, bila maandishi ya maelezo. Mwaka 1848 Henneman alitengeneza picha 66 kwa ajili ya kitabu cha William Stirling juu ya wasanii wa Hispania, kilichotolewa kwa nakala chache sana. Kwa kawaida hicho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha historia ya sanaa chenye picha za kamera.

Kesi ya hataza

Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni juu ya kioo, iliyokuwa safi kama ya Daguerre na yenye kutoa nakala kama ya Talbot. Archer hakukata hataza. Talbot alidai kwamba njia hiyo inaingia ndani ya hataza yake. Dai hilo liliwaudhi wapigapicha wengi, na ni vigumu kumtetea hapa. Mwaka 1852, baada ya kuombwa na marais wa Royal Society na Royal Academy, aliwaachia huru watu wote waliopiga picha kwa kujifurahisha. Alibakiza haki yake kwa wale tu waliouza picha za sura za watu.

Desemba 1854 kesi yake dhidi ya mpigapicha Martin Laroche ilisikilizwa London. Baraza la wazee wa mahakama lilikubali kwamba Talbot ndiye mvumbuzi wa kweli wa kalotipi, lakini likaamua kwamba Laroche hakuivunja hataza kwa kutumia kolodioni. Talbot hakuomba muda wa hataza uongezwe, na mwaka 1855 ikaisha.

Wino na kikabari

Kufifia kwa picha kulimfundisha Talbot kwamba kitabu cha kudumu kinahitaji wino, kwa kuwa wino wa kaboni haufifii. Kuanzia mwaka 1852 alitafuta njia ya kuichonga picha ya kamera kwenye bamba la chuma ili ichapwe kama maandishi. Aliweka kitambaa chepesi chenye matundu kati ya picha na bamba ili vivuli vigawanyike vipandevipande vya kushika wino. Wazo la kuigawa picha namna hiyo ndilo lililowezesha baadaye kuchapa picha katika magazeti na vitabu. Mwaka 1851 alikuwa pia amefaulu, kwa cheche ya umeme, kupiga picha ya ukurasa wa gazeti uliokuwa ukizunguka kwa kasi.

Upande wa lugha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusoma mwandiko wa kikabari wa Ashuru. Mwaka 1857 Talbot, Henry Rawlinson, Edward Hincks na Jules Oppert walitafsiri maandishi yaleyale ya mfalme Tiglath-Pileser I, kila mmoja peke yake, na tafsiri zikafunguliwa pamoja mbele ya Royal Asiatic Society. Zilikubaliana kiasi cha kuwashawishi waliokuwa na mashaka kwamba mwandiko huo kweli umefumbuliwa. Wazo la jaribio hilo lilitokana na Talbot, aliyepeleka tafsiri yake ikiwa imefungwa kwa lakiri.

Kifo na urithi

Talbot alifariki nyumbani kwake Lacock tarehe 17 Septemba 1877 na kuzikwa katika makaburi ya kijiji hicho. Mwaka 1944 mjukuu wake Matilda Talbot aliikabidhi Lacock Abbey pamoja na kijiji kwa National Trust, na mwaka 1975 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa karibu na lango la nyumba.

Nakala kamili za The Pencil of Nature zilizobaki ni chache na ziko hasa katika maktaba na makumbusho. Mwaka 1969 kitabu kilichapwa upya mjini New York, na siku hizi kurasa zake zinasomwa bure kwenye intaneti. Maktaba ya Bodleian ya Oxford ilianza mwaka 2017 kuweka mtandaoni orodha ya picha zote zinazojulikana za Talbot na watu wa karibu naye, takriban 25,000. Picha za asili zenyewe hazionyeshwi mara kwa mara. Zile za miaka ya 1830 zilizofixishwa kwa chumvi tu bado zinadhuriwa na mwanga, kwa hiyo hutunzwa gizani.